Bata mwenye pete mguuni: usibandike maji kwanza

Wadau wa huku kati, Dodoma na Singida, nimeona niandike hii kabla mvua hazijashika, maana zikishashika Bahi inajaa, Hombolo inajaa, madimbwi ya pembeni ya barabara ya Singida nayo yanajaa, bata-mwitu wanashuka, afu stori ya kila mwaka inaanza upya: flani kapata bata ana kibati mguuni, yaani pete yenye namba ambayo watafiti humvisha ndege ili wajue anasafiri mpaka wapi. Unamuuliza bata wa aina gani, anakwambia "bata tu wa kawaida". Kibati kiko wapi? Watoto wanakichezea. Namba ilisomekaje? Kimya.

Siwezi kucheka mtu kwa sababu mi mwenyewe nilishafanya ujinga huo. Ilikuwa Bahi, mwezi wa tatu, tumetoka majarubani tumechoka tope mpaka magotini, bata wanne tukamwachia mtoto wa dada yangu anyonyoe, sisi tukaenda kunawa. Kidogo nasikia anaita, "Mjomba, huyu mmoja ana hereni ya mguuni!" Nafika, bata wote wanne wako ndani ya ndoo moja, maji ya moto yashapita, weupe kama kuku wa sokoni, na vichwa walishapewa mbwa. Hereni ipo kweli, kibati cha rangi ya fedha kilichochakaa. Nikafanya kosa la pili palepale, nikachukua plaizi nikaivuta, ikapinda, tarakimu za mwisho zikapondeka zisisomeke. Kwa hiyo nikabaki na nusu namba na bata asiye na jina, manyoya yamechanganyika na ya wenzake watatu. Niliwaandikia wenye pete hivyo hivyo, wakanijibu kistaarabu sana kwamba kwa taarifa hizo hawawezi kumtambua. Basi, ikaishia hapo.

Ndo maana mwongozo huu unaanza na maji ya moto. Bata akishanyonyolewa hakuna mtaalamu wa kukwambia ni aina gani.

Kwanza, kwanini uhangaike na aina wakati namba ipo

Hili swali naulizwa sana na lina mantiki, maana huko walikomvisha pete si wanajua wenyewe ni bata gani? Wanajua, ila wanajua kupitia namba, na namba inasomwa vibaya kila siku. Alumini inalika na maji ya magadi, 3 inageuka 8, 1 inageuka 7, herufi O inageuka sifuri. Ukikosea tarakimu moja unaangukia kwenye pete ya ndege mwingine kabisa, labda korongo aliyevishwa miaka hiyo nchi nyingine. Sasa we ukisema "ni bata mdogo, mdomo mwekundu" na daftari lao linasema korongo, wanashtuka hapohapo wanakuomba usome upya. Usipotaja aina, kosa linapita na linaingia kwenye kumbukumbu kama ukweli. Yaani aina ya ndege ndo inayokagua namba, we ichukulie kama risiti.

Na hii kazi ya pete ni ya zamani. Mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, ndo alianza kuivisha ndege pete za alumini zenye namba na anwani kwa mpangilio, mwaka 1899 pale Viborg, akaanza na kwenzi. Mpaka leo mfumo ni uleule, kibati, namba, anwani, na kumwomba Mungu kwamba atakayemkuta huyo ndege ni mtu wa kuandika barua. Huyo mtu ndo wewe.

Hatua ya 1: yuko hai au amekufa, na amekufaje

Kama yuko hai, kwa mfano kanasa kwenye nyavu bwawa la Mtera au kwenye kamba za kulindia mpunga, pete USIITOE. Pete ni ya kwake mpaka afe. Mfunike kichwa na kitambaa chepesi au kofia ili atulie, mabawa yabane kwenye mwili wake kwa viganja viwili, usimshike shingo wala usimning'inize kwa bawa moja kama kuku wa mnadani. Mwenzio azungushe pete taratibu akipiga picha kila upande, maana namba huwa inazunguka mguu, picha moja haitoshi. Piga na picha za bata mwenyewe (nakuja huko), afu mwachie palepale kwenye maji. Dakika tano zinatosha kama mmejipanga.

Kama umempiga kihalali kwa leseni, sawa, endelea hatua ya 2. Na niseme kabisa, uwindaji bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo mwongozo huu haumsafishi mtu. Mambo ya leseni na maeneo waulize TAWA (mamlaka ya wanyamapori) au bwana nyama, yaani afisa wanyamapori wa wilaya yako, wao ndo wenye neno.

Kama umemkuta amekufa tu mwenyewe, usimle, hata kama anaonekana mbichi. Kuna mafua ya ndege, na kuna watu wanatega sumu mashambani kwa ajili ya ndege waharibifu, bata naye anakula mlemle. Mshike kwa mfuko wa plastiki uliouvaa mkononi, piga picha, soma pete, nawa kwa sabuni. Ukikuta wamekufa wengi sehemu moja hapo hata habari ya pete inakuwa ya pili, mpigie afisa mifugo kwanza, usiwabebe kwenda nao nyumbani kwenye kuku wako.

Hatua ya 2: picha, mapema, kabla hajapoa

Rangi ya mdomo na miguu ya bata haikai baada ya kufa. Mdomo mwekundu unafifia, wa buluu unakuwa wa majivu, jioni ukimwangalia unabishana na macho yako. Kwa hiyo piga sasa hivi, kwenye kivuli chenye mwanga sio kwenye jua kali, picha hizi: kichwa na mdomo kwa ubavu, mwili mzima kwa ubavu, tumbo, miguu, na muhimu kuliko zote, bawa limekunjuliwa lote upande wa juu. Weka kiberiti pembeni ili saizi ionekane. Kiberiti kila mtu anakijua ukubwa wake, kuliko kuandika "bata wa wastani".

Bawa ndo kitambulisho cha bata. Pale nyuma ya bawa, kwenye manyoya ya katikati, bata wengi wana kipande kinachong'aa au chenye rangi tofauti. Mi nakiita kioo, na nitakiita hivyo mpaka mwisho. Bata jike wa kahawia wanafanana kama mapacha lakini vioo vyao havifanani.

Hatua ya 3: huyu ni bata gani

Hapa nitakaa kidogo.

Anza na swali la kijinga: ni bata kweli? Huku kwetu kila kinachoelea ni bata. Angalia vidole. Bata ana ngozi nyembamba iliyounganisha vidole vitatu vya mbele. Kukuziwa, yule mweusi mwenye paji jeupe, vidole vyake vimeachana ila kila kidole kina vipande vya ngozi pembeni kama majani. Mnandi ana mdomo wenye ndoano na vidole vyote vinne vimeungana. Wote hao wanaweza kuvishwa pete pia, sio shida, ila usiandike bata.

Sasa bata wenyewe. Wengi mtakaokutana nao majarubani Bahi ni bata miluzi, na hawa unawajua hata usiku kwa sauti, wanapita juu wanapiga mluzi wa vipande vitatu, swii-swii-swiu. Mwenye uso mweupe hana mpinzani: uso mweupe kama kapakwa unga, nyuma ya kichwa na shingo nyeusi, kifua cha kahawia nyekundu, ubavu una mistari mistari myembamba, miguu mirefu. Bawa lake ni la giza juu na chini, kioo hana. Yupo na ndugu yake ambaye mwili wote ni rangi ya asali iliyokolea, ubavuni ana manyoya marefu ya rangi ya krimu kama ameshonewa pindo, na akiruka unaona alama nyeupe ya nusu duara juu ya mkia. Dume na jike wa bata miluzi wanafanana, kwa hiyo kwenye jinsia andika "haijulikani", usibuni ili ionekane umejaza.

Wanaochanganya watu zaidi ni hawa wawili wadogo wenye kofia. Wote wana utosi wa kahawia iliyoiva na mashavu meupe-meupe, na wote wanapenda maji ya kina kifupi yenye majani. Angalia mdomo: mwekundu au wa buluu? Mwekundu, afu kioo chake ni cha krimu, mwili kama nusu kilo na zaidi kidogo, huyo ni bata mdomo mwekundu. Buluu, kioo cha kijani chenye ukingo mweupe nyuma, na mwili mdogo mno, karibu robo kilo tu, anakaa kiganjani kama njiwa aliyeshiba, na shavuni ana doa la giza kama mtu kampapasa na kidole cha masizi, huyo ni mwingine kabisa, ni kati ya bata wadogo kuliko wote Afrika. Nimeshaona mtu mzima anabisha kwamba ni "mtoto wa yule". Sio mtoto.

Bata mkubwa mwenye nundu juu ya mdomo kila mtu anamjua, kichwa cheupe chenye vidoadoa vyeusi, mgongo mweusi unaong'aa kijani na zambarau kama mafuta ya taa juu ya maji. Kinachosahaulika ni jike lake: hana nundu, ni mdogo sana kwa dume, watu wanamwandika kama aina nyingine. Ukiona mgongo ule wa kung'aa na kichwa kile cha madoa, ni huyohuyo.

Bata bukini wako wawili. Wa Misri ana duara la kahawia kuzunguka jicho kama kavaa miwani, doa la kahawia kifuani, na akifungua bawa unaona eneo kubwa jeupe mbele na kioo cha kijani nyuma. Mwingine ni lile jitu jeusi lenye uso mwekundu, dume linaweza kupita kilo sita, na kwenye kona ya bawa lina mwiba. Ukimshika akiwa hai huo mwiba unachana nguo na nyama ya ndani ya nguo. Na huyu kuna sehemu za Afrika nyama yake iliwahi kudhuru walaji kwa sababu anakula aina flani ya mbawakawa wenye sumu, ni vizuri ujue.

Yupo bata mweusi-mweusi anayezama, mdomo wa buluu ya majivu, dume jicho jekundu, jike ana mwezi mchanga mweupe nyuma ya shavu. Ukimfungua bawa kuna mstari mweupe unaokwenda urefu wote. Ukiuona huo mstari hukosei.

Kwa wale wa Singida, maziwa ya magadi pale Singidani na Kindai yana bata wa rangi ya kijivu mpauko, mdomo wa pinki, hana kofia. Anaishi kwenye maji ya chumvi chumvi, ndo dalili yake.

Sasa nije kwa wageni, na hawa ndo wenye uwezekano wa kuwa na pete ya mbali. Kuanzia mwezi wa kumi hivi mpaka wa tatu au wa nne wanakuja bata kutoka Ulaya na Urusi na huko Asia kukwepa baridi. Wa kwanza ni mdogo, dume likiwa limevaa nguo za harusi lina nyusi nyeupe ndefu inayoshuka mpaka shingoni, ila kipindi wanakuwa huku mara nyingi dume linafanana na jike, kahawia tupu, hapo watu wengi wanapotea. Jike angalia uso: una mistari, mmoja wa giza unapita kwenye jicho, mwingine chini yake shavuni, na karibu na mdomo kuna doa jeupe. Dume hata akivaa kahawia, ukifungua bawa sehemu ya mbele ni ya buluu ya majivu, na kioo kimebanwa na mistari miwili myeupe, mbele na nyuma. Bawa halidanganyi, kwa hiyo lile ulilopiga picha hatua ya 2 linakulipa hapa. Wa pili ana mdomo kama mwiko wa kusongea ugali, mpana mbele, huwezi kumsahau. Wa tatu ana shingo ndefu nyembamba na mkia uliochongoka, mdomo wa kijivu.

Ukifika mwisho na bado hujui, andika "sijui" na tuma picha. Hawachukii. Wanachukia kubahatisha.

Hatua ya 4: kusoma pete

Kabla ya yote angalia kama pete ina mshono. Pete ya ndege wa mwituni inafungwa na plaizi maalumu kwenye mguu, kwa hiyo ina sehemu zinapokutana ncha mbili. Pete nzima isiyo na mshono kwa kawaida ilivishwa kifaranga wa kufugwa akiwa na siku chache, ni ya mfugaji, mara nyingi njiwa wa mashindano au bata wa mapambo. Na zile pete za plastiki laini za rangi bila namba ni za kuku au bata wa kufugwa wa mtu, rudisha bata wa watu.

Isugue polepole na mswaki wa zamani na maji, sio steel waya, utafuta namba. Kama imefifia weka karatasi nyembamba juu yake usugue na penseli kwa ubavu, kama tulivyokuwa tunachora shilingi shuleni. Au imulike na tochi kwa pembeni, vivuli vinaleta herufi. Kama bata amekufa na unataka kuitoa, usirudie kosa langu la plaizi, kata mguu uache pete humo humo, au panua mshono taratibu na visu viwili pande mbili.

Andika KILA KITU kilichopo kwa mpangilio wake, herufi za mbele, tarakimu zote, na maneno ya anwani. Anwani ndo inakwambia ni ya wapi: MOSKWA ni Urusi, HELSINKI ni Finland, MUSEUM PARIS ni Ufaransa, RADOLFZELL au HELGOLAND au HIDDENSEE zote ni Ujerumani, BUDAPEST ni Hungary. Ukiona PRETORIA au SAFRING (kituo cha pete cha kule) hiyo ni Afrika Kusini, na usishangae, hawa wa Afrika nao wanasafiri, wanafuata mvua. Kule kwao, ziwa Barberspan, wamevisha pete bata mdomo mwekundu wengi tu na wamewahi kupatikana mbali kaskazini, nje kabisa ya nchi hiyo.

Wale mnaoangalia video za Wamarekani wenye kamba shingoni imejaa vibati vya bata, mtulie. Kule ni utamaduni wao, mwindaji anaripoti namba afu anabaki na pete kama kumbukumbu, na zipo chache ziliwahi kuwa na zawadi ya dola. Bata wao hawaji huku. Ila sehemu ya kuripoti kwanza ndo kubaki nayo baadaye, hiyo igeni.

Kuna pete za plastiki ngumu za rangi zenye herufi kubwa, hizi ni za kusomwa kwa darubini bila kumshika ndege. Hizo andika rangi ya pete, rangi ya maandishi, na ni mguu upi. Mguu wa kushoto ni kushoto kwa bata, sio kushoto kwako wewe unayemwangalia usoni. Na bata wengine Ulaya wanawekewa kiplastiki juu ya mdomo kama tandiko la punda, chenye herufi. Kinaonekana cha ajabu ila ni kitu kilekile.

Hatua ya 5: akiwa na kidude mgongoni

Hii ni nadra ila ikitokea huwa inazua taharuki kijijini. Bata kabebeshwa kifaa kama kibegi, kimefungwa na utepe unaopita kifuani na chini ya mabawa, kina kiwaya kinachoning'inia nyuma ambacho ni antena, na juu kinaweza kuwa na kipande cheusi kinachong'aa ambacho ni sola. Wengine wanawekewa ndani ya tumbo kwa upasuaji, unaona antena tu imetokeza mgongoni.

Hakirekodi sauti. Hakipigi picha za nyumba yako. Misri mwaka 2013 korongo mmoja alipelekwa polisi kule Qena kwa sababu mvuvi alimshuku jasusi, kisa kifaa cha mgongoni, kuja kuangaliwa ni watafiti wa Hungary walikuwa wanafuatilia safari zake. Akaachiwa, na baada ya muda si mrefu akaliwa. Kwa hiyo huu woga sio wa Wagogo tu.

Vipo vya aina mbili kubwa. Cha redio ya kawaida kinatoa mlio mmoja mmoja kwenye masafa yake, na mtafiti anautafuta kwa antena ya mkononi akiwa kilomita chache tu, hakijui kiko wapi, kinalia tu kama mbuzi aliyepotea. Cha pili kina GPS, kinajua kilipo na kinatuma kwa setilaiti au kwa mtandao wa simu kikipata mnara. Hiki cha pili, mwenye nacho anaweza akawa ameshaona kwamba bata wake yuko jikoni kwako tangu jana saa moja usiku. Sitanii.

Kwa hiyo: usikikate antena, usikifungue, usikitupe motoni maana ndani kuna betri ya lithiamu inaweza kulipuka. Usikifungie kwenye sanduku la bati. Kiweke juani, sola ikiangalia juu, sehemu watoto na kuku hawafiki, kwa mfano juu ya paa la banda. Kikichaji kinatuma. Kina namba na mara nyingi anwani au barua pepe imebandikwa, ipige picha. Vifaa hivi ni ghali na vinaweza kuvishwa bata mwingine, wenyewe wanavihitaji kweli, na wakati mwingine data ya miezi imo ndani haijatumwa.

Kama bata yuko hai na kifaa kimekaa vizuri, mwachie nacho. Watafiti wanapima, kawaida wanajitahidi kisizidi asilimia 3 ya uzito wake, yaani bata wa gramu 550 anabeba gramu 16 hivi. Ila kama utepe umemkata ngozi au umenasa bawa, piga picha ya kidonda, hiyo nayo ni taarifa wanayoitaka hata kama haiwapendezi.

Hatua ya 6: kuripoti

Andika vitu hivi kwenye meseji moja: namba na maneno ya pete, aina ya bata (au "sijui"), jinsia kama inajulikana, tarehe halisi sio "wiki iliyopita", mahali, alipatikanaje (alipigwa, alinasa, alikutwa amekufa, alisomwa akiwa hai), pete iko wapi sasa, na jina na simu yako. Alipatikanaje usidanganye, kwao ni tofauti kubwa.

Mahali ndo panawashinda wengi. "Karibu na Bahi" haisaidii. Fungua ramani ya simu, bonyeza na kushikilia pale ulipomkuta mpaka kialama kitokee, nakili namba mbili zinazokuja. Jipime hivi: maeneo ya Dodoma namba ya kwanza inaanza na -6 au -5, ya pili inaanza na 35 au 36. Mtera namba ya kwanza ni -7, Singida mjini ni -4 na ya pili 34. Ukisahau ile alama ya kutoa, bata wako anahamia kaskazini ya ikweta, Ethiopia au Sudan Kusini huko, na hapo umeharibu kila kitu kwa kistari kimoja.

Pete za nchi za Ulaya zote, hata usipojua ni ya nani, unaingia kwenye tovuti ya EURING ambao ndo wanaunganisha vituo vyote vya pete huko. Za Afrika Kusini ni SAFRING wenyewe. Kwa hapa nyumbani wape taarifa TAWIRI, makao yao yako Arusha, wao ndo taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na kama Kiingereza kinakusumbua mtafute bwana nyama akusaidie kuandika, au mwalimu yeyote. Tuma na picha zote, hata zile mbaya.

Afu subiri. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Jibu likija linakwambia alivishwa wapi, lini, alikuwa mkubwa au kifaranga, na umbali kutoka huko mpaka kwako. Mpaka hapo pete ikae kwenye kiboksi cha kiberiti pamoja na karatasi yenye namba na tarehe, usiifanye kishikio cha funguo bado, wanaweza wakakuomba uisome tena.

La mwisho kabla hujamkabidhi mtu wa jikoni: kata bawa moja zima pale kwenye bega, lipake chumvi penye nyama, likunjue, libane kwenye ubao na misumari likauke juani siku kadhaa. Mpwa wangu yule wa hereni ya mguuni sasa hivi ana mabawa sita ukutani, kila moja lina karatasi, na akiletewa bata analinganisha kioo na kioo kabla hata hajaniuliza.

Ukishaliweka bawa pembeni, pete imesomwa, picha zimeshatumwa, basi, mwambie dogo abandike maji.